Karatasi Iliyopigwa Pasi

Sehemu ya saba

Gari la magereza lilikuwa limeshaanza kutoka. Magurudumu ya mbele yako barabarani, ya nyuma bado yamo uani mwa mahakama, na Kijiti, pingu mikononi, amebandika uso kwenye wavu wa dirisha kama mtu anayetaka kuukata kwa meno.

Hapo ndipo tulipomwachia, mdomo wazi, neno likiwa bado kooni. Sasa limetoka.

"Dada! Ni Kinyozi! Kinyozi ndiye aliyetuuza!"

Basi. Gari likakata kona, likabaki vumbi.

Watu waliojaa pale getini waligeuza shingo kwa pamoja. Kinyozi alikuwa amesimama ukutani, mkate umo kwapani. Mkate wenyewe alikuwa amemletea Kijiti.

"Mimi?" alisema, akaangalia nyuma yake, kama kwamba huenda kuna kinyozi mwingine.

Dada mtu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyerithi udobi wa marehemu baba yao, alikuwa katikati yao. Wenzake wote pale walikuwa wamesikia habari. Yeye peke yake alisikia uongo. Kinyozi hakumuuza mtu. Aliyewauza vijana wale ni yeye, dada mtu, kwa mikono yake miwili na pasi ya moto.

Kwa aliyeazimwa gazeti la leo na la wiki jana hakulipata, mambo yalikuwa hivi.

Watoto wa dobi hawanunui nguo. Hiyo ni siri ya kazi, msimwambie mteja. Suti ikiletwa Ijumaa na mwenyewe ataifuata Jumatatu, basi Jumamosi ina mtu wa kuivaa. Marehemu baba alifunga ndoa na suti ya karani wa posta. Sasa Kijiti, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alikuwa na mkutano wa siri wa chama chao kilichopigwa marufuku, na njiani kuna askari wanaosimamisha kila kijana mwenye shati lililochoka. Akachomoa koti la kijivu kwenye rundo la nguo chafu, akalivaa, akapita kama bwana mkubwa. Aliporudi alilitupa pale pale alipolitoa. Mfukoni akasahau orodha ya majina saba, iliyoandikwa kwa penseli, lake likiwa la tatu.

Kesho yake dada mtu akalifua. Na udobi una sheria moja ambayo baba yao aliwafundisha kwa makofi: kilichomo mfukoni mwa mtu ni cha mtu. Usikisome, usikitupe. Karatasi ikikutwa, inaanikwa, inanyooshwa kwa pasi ya vuguvugu, inakunjwa mara nne, inabanwa kwa pini kwenye bitana, inarudi kwa mwenye nguo. Ndiyo maana wateja waliwaamini.

Akaianika. Akainyoosha. Akaikunja, akabana pini. Jumatatu akalipeleka koti kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mteja wa miaka mitatu, aliyejitambulisha kama mtu wa ofisi ya ardhi. Jumanne asubuhi ndiye aliyekuja kumkamata Kijiti. Alikuwa amelivaa koti lile lile, na alipoinama kuchungulia chini ya kitanda, dada mtu akaiona pini yake, bado inang'aa kwenye bitana.

Siku nane alikuwa ameikwamisha kooni siri hiyo kama mwiba wa samaki. Haishuki, haitoki.

Turudi getini.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alipaza sauti Muuza Mkaa, mwanamke mwenye viganja kama vibao, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale saba. "Mwanangu kanyolewa na huyu tangu nywele za utoto!"

"Jamani, mimi nina nini cha kuuza?" Kinyozi alisema. "Nina povu la sabuni tu."

Siku nyingine wangecheka. Leo mtu mmoja aliuchomoa mkate kwapani akautupa chini, mwingine akaukanyaga.

Mama yao Kijiti alijipenyeza mbele. Miaka kumi alikuwa akimwita Kinyozi mwanangu wa pili.

"Umekula kwangu," alisema. "Sahani yako nilikuwa naipakua kabla ya yangu."

"Mama, haki ya Mungu..."

"Usiniite mama."

Kinyozi akamtafuta dada mtu kwa macho. Akampata.

"Dada, waambie basi. Wewe unanijua. Tumekua mlango kwa mlango, mimi na wewe."

Dada mtu akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamepanga foleni. Kisha akaviona viganja vya Muuza Mkaa. Akakumbuka duka lao la mbao, na kitanda cha Mama nyuma ya pazia.

"Mama," alisema, "twende nyumbani. Jua kali."

Jua lenyewe lilikuwa limefunikwa na mawingu tangu asubuhi.

Walikuwa hawajafika kona waliposikia kelele zimebadilika. Mama akageuka kutazama. Dada mtu hakugeuka.

*

Alasiri alikuwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, Mama amejilaza nyuma ya pazia, mlango ukazibwa na kivuli.

Wateja wa dobi hawana majina, wana nguo. Kuna Suruali Nyeupe, kuna Gauni la Maua. Huyu alikuwa Koti la Kijivu.

"Shikamoo, mzee," dada mtu alisema. Adabu ilitoka yenyewe, kabla ya hofu.

"Marahaba, binti. Pole na kazi." Akaliweka koti mezani. "Doa la chai, hapa mkononi. Siku hizi hatulali ofisini. Kazi yetu ni chai tu."

"Ofisi ya ardhi?" Ulimi ulimponyoka.

Koti la Kijivu akacheka kwa raha. "Ardhi ni kubwa, binti. Kila mtu ana nafasi yake humo."

Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Sikuwahi kukushukuru," alisema.

"Kwa lipi, mzee?"

"Karatasi ile! Miaka ishirini nafanya kazi hii. Nimeletewa majina kwenye pakiti za sigara. Nimeletewa kwenye karatasi ya kufungia nyama, damu na yote. Sijawahi kuletewa majina yaliyopigwa pasi. Na mdogo wako wa tumbo moja ukamwacha humo humo, namba tatu! Nilimwambia mkubwa wangu, hawa sasa ndio wananchi."

Dada mtu alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Siku zote nane alikuwa akijiuliza kwa nini wote wa mtaa ule wamepekuliwa na duka lao halijaguswa. Jibu lilikuwa limekaa pale kwenye kigoda, miguu imepishana. Mtu huyu aliamini kwamba alifanya makusudi.

"Mzee, mimi sikukusu..."

"Unaunguza shuka la watu, binti."

Akainua pasi. Alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, ilibaki katikati ya shuka.

Koti la Kijivu akatoa karatasi nyingine, hii imepigwa chapa.

"Mdogo wako hasemi. Tumemwomba kwa uzuri, tumemwomba kwa ubaya, kajifanya bubu. Sasa hapa imeandikwa kwamba Kinyozi ndiye kiongozi wao. Yeye ndiye aliyewakusanya, yeye ndiye aliyepanga mgomo. Kijana atie sahihi tu. Ijumaa yuko hapa anakusaidia kuanika."

"Kinyozi? Kinyozi hajui hata chuo kilipo."

"Najua. Lakini mkubwa wangu anataka kiongozi, na hawa wanafunzi kila mmoja ana mjomba wa kupiga simu. Kinyozi ana mjomba?"

Hakuwa na mjomba. Hakuwa na mtu.

"Leo kijana wetu kamtaja mbele ya kadamnasi. Moyo wake umejaa hasira. Chuma kiko moto, na pasi unayo wewe." Akaiweka mezani pamoja na kibali cha kuingia gerezani. "Kesho saa nne. Dakika kumi."

"Na nisipokwenda?"

"Utakwenda. La sivyo itabidi niwaambie wale kina mama wa getini ni nani wa kumshukuru." Akanyanyuka. "Koti nitalifuata Alhamisi. Mifukoni hamna kitu. Nimeangalia mwenyewe."

Hatua zake zilikuwa hazijazimika pazia lilipofunguka.

"Ijumaa?" Mama aliuliza.

"Ulikuwa unasikia, Mama?"

"Nimesikia Ijumaa. Mengine sikusikia."

"Wanataka amsingizie Kinyozi."

"Atie sahihi. Kinyozi kamuuza, na yeye auzwe. Kitu na mwenziwe."

"Na kama si Kinyozi?"

Mama alimtazama bintiye. Alimtazama kwa muda mrefu, hata dada mtu akajishughulisha na lile shuka lililoungua.

"Mwanangu mwenyewe kasema ni yeye," Mama alisema. "Nani ajue zaidi yake?" Akalivuta pazia.

Msomaji, usimwonee. Yote aliyoyaomba kwa siku nane yalikuwa pale mezani. Mdogo wake arudi. Siri ife. Mama acheke tena. Na alichotakiwa kufanya ni kile kile alichokifanya getini: kunyamaza dakika kumi.

*

Asubuhi alipopita kwa Kinyozi alikuta vigae vya kioo ngazini na kiti cha kunyolea kimelala kifudifudi. Fundi viatu wa mlango wa tatu alikuwa anafagia.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko ndani. Vidole viwili vimevunjika. Vya mkono wa mkasi. Walimshika, wakavibana na mlango."

"Nani?"

Fundi viatu akaegemea ufagio. "Watu," alisema. "Kwani wewe hukuwepo?"

Dada mtu akaendelea na safari.

Chumba cha wageni gerezani kilikuwa na benchi moja, wavu mmoja, na askari mmoja mwenye mafua aliyekaa pembeni na leso yake. Kijiti aliletwa anachechemea. Jicho moja limefumba, mdomo umevimba upande.

"Umenenepa, dada," alisema.

"Na wewe sasa umekuwa kijiti kweli kweli."

Wakacheka kidogo. Kicheko kilimuuma Kijiti mdomo, akaushika.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema utie sahihi." Akaipenyeza karatasi chini ya wavu. Askari, bila kuambiwa, akatoa kalamu. Alikuwa ameshaagizwa.

Kijiti akaisoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akisoma alipokuwa darasa la pili na dada yake ndiye aliyekuwa anamsikiliza.

"Nikitia, Ijumaa niko nyumbani?"

"Ndiyo."

"Mama atafurahi."

"Sana."

Kijiti akaishika kalamu. Akaiangalia. Akaishusha mpaka kwenye ule mstari mtupu wa chini.

Dada mtu akauma ulimi. Dakika kumi, alijiambia. Zimebaki sita. Nyamaza. Ulinyamaza jana, hukufa. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta nyeusi, ikaanza kuburuta mkia wa herufi ya kwanza.

"Usitie!"

Askari aliruka, leso ikamwanguka.

"Si Kinyozi," dada mtu alisema, na sasa maneno yalikuwa yakisukumana. "Ni mimi. Karatasi yako ilikuwa kwenye koti la mteja. Niliifua, nikainyoosha, nikaibana na pini, nikampelekea kwa mkono wangu. Sikuisoma. Wallahi sikuisoma. Ni mimi, mdogo wangu. Nilijua tangu walipokuchukua, na nimenyamaza."

Kijiti akaiweka kalamu chini.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Siku ya kwanza waliniwekea karatasi yangu mezani. Imenyooka kama imetoka kiwandani leo, imekunjwa mara nne, ina matundu mawili ya pini. Dada, ni nani mwingine duniani anayepiga pasi karatasi? Nilishindwa kujizuia, nikatabasamu. Walinipiga nikiwa natabasamu."

"Sasa jana..." Akausogelea wavu. "Jana ulipiga kelele gani?"

Kijiti akamtupia jicho askari. Askari alikuwa anaokota leso na kuipangusa, kazi iliyomchukua muda kupita kiasi.

"Tuko saba kwenye chumba kimoja," Kijiti alisema kwa sauti ya chini. "Siku tisa swali ni moja, nani katuuza. Mwana wa Muuza Mkaa akakumbuka kwamba nilikuwa na koti. Akaanza: dobi, dobi. Unamjua mama yake. Unaijua milango yetu, ya mbao tupu. Mnalala humo wawili. Nikaona lazima nitoe jina kabla hajalitoa yeye. Nikatafuta. Kinyozi hana mama, hana mke, hana mtoto. Nikaona yeye... ataumia kidogo."

"Kidogo," dada mtu alirudia.

Akamweleza habari za vidole.

Kijiti akaegemeza paji la uso kwenye wavu. Hakulia. Alikaa hivyo, nyaya zikamchora miraba usoni.

"Vya mkono gani?"

"Wa mkasi."

Kijiti akauinua uso.

"Na ulikuwa unatia sahihi," dada mtu alisema. Hakulisema kwa kulaumu. Alitaka kujua tu.

"Sijui." Akaitazama ile herufi iliyoanza. "Nilipoingia hapa nilikuwa nimeapa. Halafu umenitajia Mama. Kalamu ikaanza kwenda. Usingepiga kelele, dada, sijui."

Akaisukuma karatasi, ikarudi chini ya wavu.

"Vidole vyake nimevivunja kwa mdomo," alisema. "Shingo siivunji kwa kalamu. Waambie nitakaa."

"Watakufanya nini?"

"Waliyokwisha kunifanya. Hawana mapya, niamini." Kisha akamshika kidole kimoja kupitia tundu la wavu. "Lakini wewe usiseme huko nje. Nakuomba. Nimekaa siku tisa nakulinda."

"Na mimi nimekaa siku tisa najilinda. Ona tulikomfikisha mtu."

"Watakuua!"

"Watanipiga."

"Dada, aliyevaa koti ni mimi!"

"Na aliyelipiga pasi ni mimi. Tutagombana siku nyingine."

"Dada! Mama je? Umemfikiria Mama?"

Dada mtu akanyanyuka kwenye benchi.

"Muda," alisema askari, akapiga chafya. Akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. "Hajatia?"

"Hajatia."

"Mjinga," askari alisema. Lakini alilisema polepole, na alipomnyanyua Kijiti alimshika upande ule usioumia.

*

Nje ya gereza, foleni ya vifurushi ilikuwa imefika barabarani. Kila asubuhi jamaa za wale saba walipanga hapo na nguo safi na chakula. Mama alikuwa wa nne, kifurushi kifuani.

"Katia?" aliuliza kabla bintiye hajafika.

"Hajatia, Mama. Nimemzuia."

Mama akakikumbatia kifurushi.

Palikuwa na tofali kubwa la saruji lililotumika kuzuia geti. Dada mtu akapanda juu yake.

"Jamani, nisikilizeni. Kinyozi hakumuuza mtu. Orodha ilikuwa kwenye koti la mteja wangu, nikaipiga pasi, nikamrudishia mwenye koti. Mwenye koti ndiye aliyewakamata. Kijiti alimtaja Kinyozi ili kunificha mimi. Ni mimi."

Foleni nzima ikamgeukia. Kisha mzee mmoja nyuma akauliza, kwa mshangao wa kweli:

"Ulipiga pasi karatasi?"

"Nilipiga."

"Na hukuisoma?"

"Hatusomi vya watu."

Mtu akaangua kicheko, kile cha msibani kisichojua kimetokea wapi. Kikakatika chenyewe. Muuza Mkaa alikuwa ametoka kwenye foleni na kuja mbele, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Hayo ya pasi sitaki kuyasikia," alisema. "Nakuuliza la jana. Jana tulipomshika Kinyozi, ulikuwa unajua?"

Dada mtu aliyategemea matusi yote, si swali hili.

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nikasikia unasema jua kali." Muuza Mkaa akainua viganja vyake, mistari yake imejaa weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. "Mikono hii ndiyo iliyosukuma ule mlango. Kinyozi alikuwa ananiita shangazi, na mimi nasukuma. Hii!"

Akampiga kofi. Dada mtu akaanguka kutoka kwenye tofali. La pili lilinyanyuka, likakwama hewani, na Muuza Mkaa akalirudisha akajifunika nalo uso. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, kilio kikamshika.

Hakuna aliyemsaidia dada mtu kuamka. Hakuna aliyempiga tena pia. Watu walirudi kwenye foleni, mmoja mmoja, wanaangalia viatu vyao. Wengi wao jana walikuwepo.

Mama akaja, akasimama juu yake.

"Ijumaa angekuwa nyumbani," alisema.

"Mama..."

"Ungeninyamazia. Ulishaweza siku tisa, zilibaki mbili."

Akamwekea kifurushi mapajani, akaondoka peke yake.

Ilikuwa adhuhuri dada mtu alipobisha kwa Kinyozi. Mlango ulifunguliwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kiwiko.

"Nimesikia," Kinyozi alisema. "Habari zina miguu kuliko wewe."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Dada, jana nilikuangalia mara tatu. Mara ya kwanza nikasema, hajanisikia. Ya pili nikasema, anaogopa, ni mwanamke, ana mama yake. Ya tatu ukaondoka." Akaangalia kitambaa. "Ungesema jana ningekuwa na vidole."

"Najua."

"Kijiti katia sahihi?"

Alishtuka. "Umejuaje habari ya sahihi?"

"Bwana wako wa koti alipita hapa kwanza. Alitaka mimi nitie sahihi ya kuwashitaki wao. Nikamwambia mkono wa kuandikia umevunjika, aje na mkono wake." Alitaka kucheka, kikageuka kikohozi. "Nimekuuliza, katia?"

"Hakutia."

"Basi yeye nimemsamehe nusu. Wewe subiri."

Akaufunga mlango, taratibu, kwa mkono ule ule mmoja.

*

Mwisho wa mwezi mambo yalikuwa yamekaa hivi.

Vidole vya Kinyozi viliunga, vimepinda. Alijifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto. Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi viatu, aliyetoka na jeraha sikioni na wiki iliyofuata akarudi. Kioo kipya kilikutwa ngazini asubuhi moja, kimefungwa kwa gunia la mkaa. Dada mtu alibisha pale kila Jumapili, na kila Jumapili aliambiwa asubiri.

Koti la Kijivu hakulifuata koti lake Alhamisi. Alituma dereva. Baada ya hapo nguo za ofisi yao hazikuja tena, na nusu ya wateja wa mtaani nao wakahama. Waliobaki waliibinua mifuko yao wenyewe juu ya meza, mbele ya dobi, kabla ya kukabidhi kitu. Mama aliendelea kupika na kupakua sahani mbili. Aliongea na majirani, aliongea na redio, na bintiye hakumsemesha. Yule askari mwenye mafua alihamishwa. Wajomba wawili walipiga simu, na wanafunzi wawili wakarudishwa kwao. Wengine watano, Kijiti na mwana wa Muuza Mkaa wakiwemo, walibaki ndani bila kusomewa shitaka.

Siku ya mwisho ya mwezi karatasi ilibandikwa kwenye geti la gereza. Ilikuwa na majina matatu ya wanaoachiwa. La tatu lilikuwa la Kijiti.

Mama alikimbia. Dada mtu alimfuata nyuma. Saa sita geti likafunguliwa, wakatoka vijana wawili, wa kwanza akiwa mwana wa Muuza Mkaa, likafungwa.

"Bado mmoja," dada mtu alimwambia askari mpya.

Askari akafungua daftari la wanaotoka. Akasema huyo mnayemtaka ametoka tangu saa kumi na mbili asubuhi, ndugu yake kaja kumchukua, na sahihi yake mwenyewe ya kutoka hii hapa.

Dada mtu akaomba aione. Akageuziwa daftari.

Haikuwa sahihi ya mdogo wake.